Lundi Koko Lek Anarudisha Carte

Benchi la Mustafa liko Saint-Gilles, Ubelgiji, mbele ya duka lake la majani ya sombe, samaki wa ndagala na chaja za simu, pale pale upepo unapotoka stesheni ya Gare du Midi na kukukuta hujafunga zipu. Mguu mmoja wa benchi umekatika, umeegemezwa kwa tofali, na kila mzoefu anajua pa kukaa ili lisiyumbe. Jumapili, soko la Midi likianza kufungwa, Mustafa anatoa thermos ya kahawa ya tangawizi na wenyewe wanajaa. Kuna Mustafa, Mrundi wa Buyenzi, mtu wa taratibu zake. Kuna Banza, aliyesoma sheria mwaka mmoja Bukavu. Leo anaendesha camionnette ya vifurushi, na usipomwita Maître, yaani wakili, hageuki. Kuna Papa Anaclet, ambaye kila baridi ikianza anatangaza kwamba mwaka kesho anarudi Bukavu moja kwa moja. Alianza kutangaza watoto wake wakiwa shule ya msingi, sasa watoto hao wana watoto, ndiyo maana wakamwita Papa Mwaka-Kesho. Na kuna Héritier. Huyu zamani alikuwa Héritier tu. Tangu mwezi wa pili wanamwita Bokilo, yaani mkwe, kwa sababu hana hadithi nyingine ila ya mama mkwe wake. Jumapili hii alifika na farde mbili za makaratasi kwapani, na uso wa mtu aliyetafuna ndimu.

— Nimechoka, akasema kabla ya salamu. Nimechoka, nimechoka, nimechoka.

— Kaa kwanza, Bokilo, akasema Mustafa. Kahawa ya moto hii.

— Kahawa itanisaidia nini? Kesho lundi, à neuf heures, saa tatu, maman anarudisha carte de séjour ku commune. Akisha kuirudisha, imeisha, habaimurudishie tena. Jeudi, Alhamisi, njo ndege. Na ile papier ya mwisho ya ambassade haijatoka! Donc kesho anapoteza ya huku, na ya kule hana. Atakuwa muntu wa wapi? Wa hewani?

Haya, tuelewane kabla hawajaanza kupiga kelele. Carte de séjour ni kibali cha kukaa Ubelgiji, commune ni ofisi ya mtaa inayokitoa, na ambassade ni ubalozi wa Kithai. Mama mkwe wa Héritier ni Mthai. Alikuja Ubelgiji kuolewa na Monsieur Willy wa Ganshoren, Mungu amrehemu, na tangu afiwe anakaa kwa binti yake Suda, mke wa Héritier. Wajukuu wanamwita Koko Lek. Siku moja mwezi wa pili, mezani, sahani ya wali mbele yake, mama huyo akasema, "Miye nataka kurudi kwetu." Basi. Hakuongeza neno. Lakini Héritier ni mtoto wa Kabare, jirani na Bukavu, na alivyolelewa yeye, neno la mama mkwe ni amri. Mama mkwe hatajwi jina. Mama mkwe hukai naye kiti kimoja. Humwambii hapana, wala humuulizi kwa nini. Héritier aliinamisha kichwa, akasema "ndiyo, Maman", na kesho yake asubuhi alikuwa kwenye foleni ya commune, mvua inamnyeshea. Hajapumzika tangu siku hiyo.

— Papier gani inakosa? akauliza Banza. Leta dossier. Usiogope, uko mbele ya avocat.

— Avocat ya vifurushi, akasema Mustafa.

— Shida ni jina, akasema Héritier, akafungua farde. Carte ya huku iko na jina moja. Passeport ya kwao iko na ingine, na wakati yake imeisha. Soma.

— Soma weye.

— Maître, unajua siwezi kutaja.

— Hata hapa? Hayuko nasi!

— Hata hapa! Na ku guichet ya ofisi vile vile. Banauliza, "Jina ya Madame?" Minanyamaza, minaonyesha na kidole. Banarudilia polepole, na sauti ya juu, banafikiri siko na akili. Juzi ule wa ambassade aliniletea maji.

Banza akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mahakamani: huku Bunma, kule Ratchanee.

— Ni bantu babili? akauliza Papa Anaclet.

— Ni muntu moja! Bwana yake alipokufa, alienda likizo kwao. Muntu wa dini akamuambia ile jina ya zamani ni nzito, inabeba malheur, bahati mbaya, abadilishe. Kwao ni kawaida tu. Akaenda ku bureau, akabadilisha, akarudi huku. Commune hakuiambia kitu. Sasa ambassade inaomba ushuhuda kama ule na huyu ni moja, na muntu wa kutoa ushuhuda ni dada yake mukubwa, na dada anaanza kusahau. Muntu wa ambassade alimupigia simu jeudi iliyopita, dada akauliza, "Mudogo yangu njo nani?"

Mustafa alishusha kikombe. Hata Banza alivua miwani.

— Mutoto, akasema Papa Anaclet, usilie juu ya jina. Miye nilizaliwa Anaclet. Wakati ya Zaïre balisema majina ya padri itoke, nikakuwa Nshombo. Zaïre ikakufa, Anaclet ikafufuka. Nilifika huku na passeport ya Nshombo na diplôme ya Anaclet. Muzungu moja akaangalia nyuma yangu, akaniuliza, "Mwenzako anakuya saa ngapi?"

— Ulifanya nini? akauliza Mustafa.

— Nilisema amechelewa bus.

— Basi ni rahisi, akasema Mustafa. Bunma arudishe carte, Ratchanee apande ndege. Kila mmoja na kazi yake, hakuna ugomvi.

— Apana, akasema Banza. Juridiquement, kisheria, hiyo ni fraude. Solution iko moja tu. Bunma akufe.

— Astaghfirullah! akasema Mustafa.

— Akufe ku papier! Tunatafuta acte de décès, cheti ya kifo, tunamuzika propre, Ratchanee anabakia peke yake bila matata. Wahenga balisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Bunma njo mwenyeji, Ratchanee njo mgeni.

— Lakini mwenyeji umemuua, Maître!

— Methali haiangaliake détails.

— Na pension yake? akasema Héritier. Ile pension iko ku jina ya... ya ule unataka kuua. Kila mwaka batamuomba certificat kama eko hai. Nitabapelekea ya nani?

Banza akanywa kahawa funda refu.

Héritier akaanza kutoa karatasi moja moja na kuzipiga juu ya goti. Hii inatumika miezi mitatu tu. Hii ilipofika, ile ilikuwa imekufa. Ile alipoenda kuifanya upya, tafsiri yake ikakataliwa kwa sababu muhuri umekaa pembeni. Alivyozipiga, ungesema karatasi zenyewe ndizo zilimtukana. Ni kama maziwa, alisema; ukinunua ya leo, ya jana imeganda.

— Munajua juu gani banamukawiza? akasema Papa Anaclet, akaegemea mbele, na benchi likaegemea naye. Muzee wa huku ni mine, mugodi. Ni coltan. Ku Uccle kuna home ya bazee, ku Ganshoren kuna home. Kitanda bila muzee ni shamba bila muhogo. Muzee moja analisha infirmière wa kumuosha, analisha kiné wa kumukanda, mupishi, na ule wa kukata kucha. Akienda kwao, bale bote banakosa kazi. Njo maana papier juu ya papier. Banamufunga na karatasi!

— Chovya chovya humaliza buyu la asali, akaunga mkono Banza.

— Inaingiaje hapo? akauliza Mustafa.

— Inaingia.

— Lakini Papa Anaclet, akasema Mustafa, kama wazee ni coltan, mbona wewe wanakuacha unakaa hapa barazani kutwa nzima?

— Miye naondoka mwaka kesho. Banajua.

Walicheka wote ila Héritier. Yeye alikuwa anahesabu moyoni saa zilizobaki hadi kesho asubuhi, na kila akihesabu zinapungua.

— Bon, akasema Banza, akasimama nusu. Nimepata. Nyamazeni. Aombe asile, ile ya bakimbizi.

— Asile wapi?

— Kwao! Anafika ku aéroport ya Bangkok, anainua mikono, anasema: miye ni réfugiée wa Ubelgiji. Majina mbili si shida tena. Réfugié gani alifikaka na jina moja?

Jamani, hapo ndipo baraza lilipowaka. Kwa maana kama kuna mtihani ambao watu wa benchi lile wameufaulu, ni ule. Kila mmoja alikaa mbele ya meza ya ofisa wa wakimbizi, na mkalimani pembeni, akaulizwa rangi ya mlango wa nyumba iliyokwisha kuungua. Mustafa akakunja uso, akawa ofisa. Papa Anaclet akajitanda skafu, akawa Koko Lek.

— Madame, kwa nini ulikimbia Ubelgiji?

— Baridi, monsieur. Baridi na viazi.

— Una ushahidi?

— Angalia magoti.

— Ulipita njia gani?

— Aéroport ya Zaventem. Na valise mbili.

— Nani alikusaidia kutoroka?

— Mukwe yangu, monsieur. Alikimbia sana ule kijana. Utasema ananifukuza!

Wakaangua kicheko, Banza akajipiga mapaja. Héritier alicheka kidogo, halafu akaanza kukusanya karatasi.

— Munacheka. Miye kesho nitasimama na yeye mbele ya guichet. Nitamuangalia ku uso namna gani?

— Kwa kweli kwenu hamruhusiwi kumwangalia usoni, akasema Mustafa.

— Mustafa, tafadhali.

Ndipo gurudumu la caddie likasikika likilia kwenye mawe. Mwanamke mdogo, amemezwa na koti la binti yake, anavuta caddie iliyojaa vitunguu vya majani na mchaichai wa sokoni. Koko Lek mwenyewe. Hakuwahi kufika kijiweni hata siku moja. Héritier aliruka wima, benchi likapoteza uzito wake, Banza akateleza hadi kwenye tofali na kahawa yake ikaishia kwenye viatu. Papa Anaclet akaivuta ile skafu kichwani haraka haraka.

— Jambo bapapa, akasema mama, akakutanisha viganja.

— Jambo, Maman, karibu, karibu sana.

Alikaa pale pale alipotoka mkwewe. Mustafa akamimina kahawa. Ilijaa nusu kikombe na ndiyo ikawa ya mwisho. Kiswahili chake alikiokota jikoni, kwa wajukuu na kwa simu za mashemeji, lakini kilimtosha.

— Mukwe, kaa.

— Minashukuru, Maman, niko sawa.

— Miaka yote weye unasimama. Mugongo haiume?

Akanywa kidogo. Akaziangalia zile farde, akaangalia viatu vya Banza.

— Nina kitu ya kuuliza. Kesho ninapeana carte. Bon. Jeudi ninaenda kuona dada. Ni muzuri, dada ni muzee. Kisha, kama ninataka kuya tena huku, ku bajukuu, ku Jémima na Dan, ku kitanda yangu, ile inaombaka papier gani?

Banza alianza kufuta viatu vyake. Mustafa akachungulia ndani ya thermos kana kwamba jibu limebaki chini. Papa Anaclet alijikuna goti. Karatasi ya kuingia wanaijua, ya kukata rufaa wanaijua, ya kuleta mke, ya kuzika. Hii ya kurudi mahali ulipokwisha kuaga, hakuna aliyewahi kuiuliza, maana wao walitoka kwao usiku, bila kumuaga mtu.

— Maman, akasema Héritier. Ulisema unataka kurudi kwenu. Mwezi ya pili. Mbele ya batoto.

— Ndiyo. Kulikuwa baridi.

— Baridi?

— Baridi mingi. Na weye ulipika wali mubaya.

Papa Mwaka-Kesho alikohoa, akageuka kuangalia tramu iliyokuwa haijafika.

— Maman, juu gani haukunisimamisha? Miezi yote hii!

— Kesho yake ulirudi na papier mukononi, umelowa. Kwetu muntu akikutumikia vile, haumuambie simama. Ni haya. Kisha ukaleta ingine, na ingine. Nikasema, labda mukwe anachoka na miye. Nyumba ni ndogo, Jémima anakuwa mukubwa, anaomba chumba. Nikanyamaza.

Mungu wangu. Héritier alisimama na makaratasi yake, aibu ikampanda kutoka miguuni. Hasira aliyokuwa nayo kwa commune, kwa ambassade, kwa muhuri uliokaa pembeni, ilikosa mahali pa kwenda. Alimheshimu mama huyu hadi akakaribia kumfukuza, na mama akamheshimu yeye hadi akafunga valise.

— Sasa niambie, akasema Koko Lek. Weye, mukwe, unataka niende?

— Juridiquement... akaanza Banza.

— Nyamaza, Maître! wakasema Mustafa na Papa Anaclet kwa pamoja.

Héritier aliangalia benchi. Papa Anaclet akasogea upande wa tofali, nafasi ikapatikana, nyembamba, kati yake na yule mama. Héritier akakaa. Benchi likalia, likayumba, likatulia. Bega lake liligusa koti la Koko Lek, na baba yake kule Kabare kama angeona angefunika uso.

— Apana, Maman, akasema.

Ilikuwa hapana ya kwanza kumwambia tangu amuoe binti yake. Koko Lek aliitikia kwa kichwa polepole, akampa kikombe kilichobaki na mafunda mawili.

— Bon, akasema. Sasa kesho, à neuf heures, bale ba commune banatungoja, tutabaambia nini?

Héritier akamwangalia Banza, Banza akamwangalia Mustafa, na Mustafa akapindua thermos juu ya lami, haikutoa hata tone.