Aliyemshitaki Akida

Binti Lihumba aliketi nyuma ya mtumbwi uliokuwa ukivuka mto Kilombero, akiwasikiliza wanaume wawili wasiojuana. Mmoja, Likuda, alikuwa amepiga magoti.

"Mbona hukai, ndugu yangu?" aliuliza mwenzake, Undole.

"Viboko havijapona. Nilikwenda bomani kumshitaki akida wetu. Mpunga umeiva, anatuswaga tukalime pamba yake. Nikaeleza yote mbele ya Mjerumani. Kumbe mkalimani ni akida yuleyule!"

Undole akacheka kwa uchungu. "Zamani mtawala akituonea, wazee walikutana wakamvua cheo. Huyu kawekwa na mzungu, nani amvue? Twende tukanywe maji ya dawa yanayozuia risasi, tumwondoe wenyewe."

"Mimi nitakwenda Dar es Salaam kwa Gavana."

"Kwa huyo aliyemtuma?"

Binti Lihumba, ambaye mumewe alifia katika shamba lile la pamba, alitamani kuwauliza yeye amfuate nani, lakini mtumbwi ulikuwa umegusa ukingo. Wanaume wakaachana bila kuagana.

Askari wa akida aliyekuwa akilinda kivuko akamsogelea Binti Lihumba. "Wale walikuwa wanabishana nini?"

"Samaki," akajibu. "Kila mmoja anajigamba kuwa alivua mkubwa."