Askari wa Darajani Anazeeka

Sogezeni viti karibu, wanangu, na wewe mkubwa weka hiyo simu mfukoni, mnunuzi wa nyumba atasubiri mpaka baba yako amalize kusema, maana pumzi niliyobaki nayo ni kidogo na sina ya kurudia maneno. Nisikilizeni wote watatu mpaka mwisho, hata pale mtakapoona mzee ameanza kuweweseka.

La duka halina mjadala. Duka la kunyolea ni la kitindamimba, pamoja na viti, vioo na mashine, kwa sababu yeye ndiye aliyekubali kushika mkasi wakati nyie wawili mlikuwa mnaona haya kunuka sabuni ya ndevu. Fundi cherehani wa hapo jirani, ambaye hatujasalimiana tangu aliponiita mwendawazimu mbele ya wateja wangu, mpelekeeni salamu mumwambie nimemsamehe, ila msiseme kwa unyenyekevu sana asije akadhani alikuwa na haki. Iliyobaki ni nyumba, na nyumba siwezi kuisema bila kumsema yule aliyesimama pale uwanjani, mbele ya dirisha letu.

Mnamjua kama anavyojulikana na kila mtu: ile sanamu ya Askari wa Darajani, aliye kwenye stempu na kwenye vitabu vya shule, kofia ya chuma kwapani, mkono wa kushoto ameunyoosha chini kana kwamba anamvuta mtu kutoka majini. Wageni wanashuka kwenye mabasi, wanaushika ule mkono, wanapigwa picha, wanaondoka. Alisimamishwa kwa ajili ya vijana wa mji huu waliobaki kwenye daraja siku adui alipoingia, ili sisi wengine tupate muda wa kukimbia na mama zetu, na kaka yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Daraja lilivunjika, mto ukawachukua, na hakuna nyumba iliyoletewa mwili. Mchongaji alipokuja alitaka sura ya mmojawapo, na picha zote zilikuwa zimeungua, basi mama akanishika bega akanisukuma mbele, akasema mchukue huyu, wamefanana hawa. Wakanipaka plasta usoni, nikawa napumua kwa mirija puani, na ilipokauka nikasikia moyo wangu mwenyewe kama ngoma inayopigwa chumba cha pili. Kwa hiyo ile sura ni yangu. Ilikuwa yangu.

Siku ya harusi tulikwenda pale kupiga picha, mimi na marehemu mama yenu, nikainua macho nikaona kovu juu ya nyusi. Mimi sina kovu. Kaka ndiye aliyekuwa nalo, alianguka ngazini na birika mkononi, nikiwepo. Nilimkimbilia mama yangu kumwambia, naye akaendelea kukunja nguo zake, akasema, "Umechelewa kuona." Tangu hapo nilimtazama yule Askari kila asubuhi nikifungua duka, na nyuso ndizo zilizonilisha maisha yangu yote. Nywele zilianza kurudi nyuma kwenye paji. Mikunjo ikaja pembeni mwa macho, halafu shingo ikalegea. Halmashauri wakasema ni mvua na kinyesi cha njiwa, wakaleta mafundi wakamsugua mpaka akarudi ujana wake wa kwenye stempu, na msimu haukuisha mzee akawa amerudi. Watu waliona, msifikiri hawakuona. Waliacha tu kumtazama usoni, wakawa wanautazama mkono.

Aliyekufa vitani hazeeki, wanangu. Ndiyo maana chumba cha mbele hakijapangishwa na kitanda cha kaka kimetandikwa siku zote, na nyie mkanuna utoto wenu wote kwa kubanana chumba kimoja. Mama alipokuwa anakata roho aliniambia nusu ya nyumba ni ya kaka yako, usiiuze naye yuko njiani. Kwa nini hakurudi, sijui. Labda aliruka ng'ambo akakimbia, na kama alikimbia, alikimbia, alikuwa kijana na alitaka kuishi. Hebu fikirini mtu huyo anarudi jioni moja, anauchungulia mji wao, anajikuta amesimama juu ya jiwe na maua miguuni, wanafunzi wamepanga mstari wanamwimbia. Anaingiaje? Anagonga mlango gani aseme ni mimi? Sina hasira naye hata kidogo. Namwonea huruma mpaka kifua kinauma.

Niliwaita leo niwakataze kuuza. Mkubwa, najua udalali wako umekufundisha kuona bei kabla ya kuona ukuta, na najua mtu umeshamwahidi. Nilikuwa nimejiandaa kukukatisha tamaa vizuri kabisa. Lakini wewe binti yangu, umetoka zamu hospitali, umepita uwanjani, na tangu uingie hujanisalimia, umekaa tu unavuta pua. Sema ulichokiona. Usinifiche, umewaficha wagonjwa wako wa kutosha.

"Baba, mashavu yameingia ndani. Na mdomo uko wazi. Anafanana na wewe hapo ulipolala."

Haya. Mmesikia, na huyu hajawahi kuniunga mkono kwenye jambo hili hata siku moja. Basi nageuza maneno yangu. Nyumba iuzeni, mgawane sawasawa bila kutoana macho, na kitanda cha mbele mpeni anayekihitaji. Kaka yangu hana tena safari ya kuja hapa. Yuko kitandani mahali fulani kama mimi, labda kwenye chumba cha kupanga, kwa jina ambalo si lake, na hakuna anayejua kwao ni wapi. Mimi nina watatu wa kunililia. Yeye hana hata mmoja.

Mkubwa, inuka, nenda wewe kwa Askari. Najua huamini, na sikuombi uamini, nakuomba miguu yako tu. Vuka barabara, panda zile ngazi, umshike mkono, si kama wanavyoushika wapiga picha, mshike kama unavyomshika baba yako. Mwite baba mkubwa. Mwambie nyumbani hakuna anayemdai kitu. Nenda, mwanangu, radhi zangu zote ziko na wewe.

Nyie wawili bakini. Kitindamimba, kaa dirishani. Mungu awatunze, awape watoto watakaowazika... mpendane, msi... nipeni maji. Hapana, acheni. Amefika? Usiniambie, subiri kwanza. Huu mkono wangu wa kushoto, wa upande wa ukutani, ambao hakuna aliyeushika tangu asubuhi... unapata joto. Vidole vinabanwa. Mpungie, mwanangu. Mwambie asiuachie.