Mama Daphrose na Sentensi ya Pumzi Moja

Baada ya miaka ishirini na sita katika ofisi yetu ya mawakili, Mama Daphrose anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba. Sheria ya kazi inasema hivyo, na tarehe yake ya kuzaliwa haina ubishi. Hata hivyo, mwandishi wa mistari hii ameona mambo kadhaa yasiyomkalia vizuri, na anaomba kuyasema.

Daphrose alianza kwa kuandika mikataba ya Kifaransa. Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikaanza kutufikia ya Kiingereza, minene, yenye sentensi zinazoanza ukurasa huu na kuishia ule. Wengi wetu tuliiheshimu kwa unene wake. Yeye aliishuku. Kwake sentensi ndefu ilikuwa na mtu amejificha ndani, na neno "notwithstanding", yaani "bila kujali", alilitazama kama mgeni anayekataa kusema ametoka wapi.

Ndipo akaanzisha desturi yake. Aliyeandika kifungu alitakiwa kusimama na kukisoma kwa sauti, kwa pumzi moja. Pumzi ilipokata, sentensi ilikatwa hapo hapo. Kisha kila kipande kiliulizwa: nani anafanya nini? Kisicho na jibu kilitupwa. Hugues, mwenzetu mwenye kitambi na sigara, aliamini kabisa kwamba desturi hii ilitungwa kumkomoa yeye. Mkataba wake wa kurasa kumi na mbili ulibaki na tatu, akanuna wiki nzima akisubiri mteja alalamike. Mteja akapiga simu kusema kwamba ndio mkataba wa kwanza aliousoma hadi mwisho. Hugues bado anashuku kwamba simu ile ilipangwa.

Kazi tutakayoikumbuka zaidi ni ya mwaka huu. Kampuni moja ya meli iliwaletea mkataba wapakuzi wa bandarini, ambao ni wateja wetu. Daphrose alisimama, akasoma kifungu cha tisa, pumzi ikamwishia katikati. Alipokikata, akamkuta aliyejificha: mpakuzi akiumia kazini, atajitibu mwenyewe. Akamweleza Tajudini, kiongozi wa wapakuzi, ambaye bega lake halijapona tangu alipoangukiwa na mfuko wa simenti. Tajudini akasema, "Apana, mama. Mi siweki mukono hapo." Mkataba ukarudishwa. Ukaja tena umevaa maneno mapya, ukarudishwa tena.

Sasa tusaidieni kuwaza. Tangu Agosti kampuni hiyo imepiga simu mara mbili kuulizia, kwa adabu sana, Mama anastaafu lini. Siku ya kutia saini wameipanga Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi bila yeye. Na jana wameleta keki kubwa ya kumuaga, tena ya krimu, pamoja na mkataba mpya. Nani humpelekea keki mtu aliyemrudishia mkataba mara mbili?

Keki tuliifunika, hakuna aliyeigusa. Jovithe, anayerithi meza ya Mama, aliuchukua mkataba akasimama bila kuambiwa. Ana mapafu ya mwanakwaya, na bado pumzi ilimwishia katika kifungu cha kumi na nne. Akakikata. Mpakuzi alikuwa anajitibu mwenyewe tena. Daphrose alikuwa mlangoni, na tulimwona akivua miwani na kuifuta. Hilo peke yake hatukulishuku, kwa sababu na sisi macho yalikuwa yamelowa.

Mama Daphrose, asante kwa kila sentensi uliyotukatia, hata zile tulizozipenda. Nenda kwenye shamba lako la mpunga kule Buterere kwa amani. Tunakutakia afya, mvua ya kiasi na siku ndefu zisizo na kifungu hata kimoja. Keki ni yako. Hugues ameionja kwanza na mpaka sasa ni mzima. Mkataba umerudishwa leo asubuhi, na kampuni imejibu kwamba Jumatatu itakuja yenyewe kutuelewesha. Waje tu. Watatukuta tumesimama.