Nafasi Aliyomwachia Daktari

Ndugu zangu, assalamu alaykum. Mmeniita mbele ya darasa hili la watu wazima nieleze nilivyojifunza Kiingereza, na naona wengine mnacheka. Shahada yangu ya Kiingereza mnaijua. Imetundikwa kwangu, mtaani Galbet, juu ya televisheni, mgeni aione kabla ya chai.

Marehemu mke wangu hakusoma. Tukienda kliniki, mkalimani nilikuwa mimi. Alieleza kwa Kisomali muda mrefu, akishika tumbo, akishika mgongo, nami nikamwambia daktari: tumbo linamsumbua kidogo. Siku moja daktari aliuliza kama maneno yote yale ya mama ni hayo matatu tu. Nilimjibu kwamba wake zetu hupenda kuzunguka.

Ndipo mke wangu alipoanza kuja darasani hapa na dada yake baada ya Alasiri. Nilimuuliza kama mbuzi wetu wameanza kudai Kizungu. Alijifunga mtandio akatoka. Miezi michache baadaye alifariki. Kama ningetafsiri yote angepona? Sitajua.

Nawaambia jambo ambalo hata imamu sijamwambia. Nilikuta sauti yake ndani ya simu yake, alikuwa akijirekodi akifanya mazoezi. "Good morning." Kisha kimya. "I am not fine." Kimya tena. Mchana mmoja, jua limewanyamazisha hata kunguru, niliingia kwenye kile kimya. Nilimuuliza kwa Kiingereza anaumwa wapi.

"Here," akasema.

Nikauliza tangu lini. Tangu Ramadhani, akanijibu. Nikauliza mbona hakusema. Akajibu taratibu, kama mtu aliyechoka: "I told him. I told him many times."

Nilimwambia. Nilimwambia mara nyingi.

Tangu hapo sikutoka. Nilishusha mapazia nikazungumza na mke wangu kwa lugha ambayo hatukuwahi kuzungumza akiwa hai. Niliacha kazi, nikaacha msikiti. Watoto wakachukuliwa na nyanya yao, Mandera. Kila nilipouliza, alijibu, mpaka nikawa sijui ni nani kati yetu aliyekufa.

Shemeji, dada yake, ndiye aliyeingia siku moja akaketi na kusikiliza. Nilipotaka kuizima simu palepale ninapoizima siku zote, alinishika mkono. Sauti ikaendelea: "My husband can wait outside, please." Mume wangu asubiri nje.

"Walaal, ndugu yangu," shemeji akasema, "hakujibu wewe. Hiyo nafasi alimwachia daktari aulize."

Kesho yake alinivuta kwa mkono wa kanzu hadi kwenye mkeka huu. Nilikuwa najua Kiingereza cha tamthilia za wafalme. Cha ganzi, kichomi na kizunguzungu nilijifunzia hapa, pamoja na kumuuliza mtu anavyojisikia kisha kunyamaza.

Mwalimu, shemeji, nanyi mlionisogezea nafasi mkekani, Mungu awalipe. Watoto wamerudi. Nami nasema hivi: ukimsemea mtu, beba maneno yake yote, au mpishe ajisemee.

Wiki iliyopita shemeji aliugua. Nilimsindikiza kliniki, nikabaki kwenye benchi nje. Kutoka nyuma ya mlango nikaisikia sauti, ile ile ya dada yake: "Good morning, doctor. It hurts here."

Kisha kimya. Swali langu lilikuwa tayari mdomoni. Nililimeza.

Mtu mwingine akauliza.