Kumuaga Ogle, Aliyerudi Eldas Bila Majibu

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, masheikh na wazee wetu, Daktari Msimamizi wa hospitali, wageni mliotoka Wajir, Ijara na Dadaab mkaivumilia barabara ile, wafanyakazi wenzangu wa maabara, na wewe mwenye shughuli, ami yetu sote, Adeer Ogle, pamoja na mkeo, shangazi yetu Eedo Khadijo, na watoto wenu: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake na kwa umri wake.

Naitwa Shamso Guleid. Ni mwanasayansi wa maabara, na kazi yangu ni utafiti wa chanjo ya mafua makali, yale ambayo madaktari huyaita influenza. Nimepewa dakika kumi kumzungumzia mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na miwili. Waliotangulia wamesifu ukarimu wake, na wamesema kweli. Mimi nitasimulia jambo moja tu, na halinipambi. Jana nilimwomba ruhusa. Akaniambia, "Sema, lakini usitie chumvi."

Kwa wasioijua kazi yetu, nieleze kidogo. Virusi vya mafua hubadilika mwaka hadi mwaka, na chanjo iliyofaa mwaka jana huenda isifae mwaka huu. Kwa hiyo watu wa maabara hukusanya virusi kutoka kila pembe, huviotesha ndani ya mayai ya kuku, huvilinganisha, na kutokana na hivyo chanjo hutengenezwa. Sasa niwaulize: kama hakuna anayekusanya kutoka miji yetu midogo kama Eldas na Kotile, nani atajua ni kitu gani kinawakohoza watu wa Eldas na Kotile? Miaka saba iliyopita, katika maabara yetu, hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu Nairobi na shahada yangu mpya, nikapewa mradi wa kuvikusanya virusi hivyo, na Adeer Ogle, fundi mkuu wa maabara, akapewa mimi.

Yeye alianza kazi kwa kupima malaria ndani ya hema la zahanati kule Dadaab. Hadi leo akisema pipeti, kile kimrija cha kufyonzea sampuli, kwa lafudhi yetu ya Kisomali sisi tunasikia bibeti, na vijana wote waliopita mikononi mwake, hata wale wa kutoka Nairobi, siku hizi wanasema bibeti.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Eldas. Kijiti cha pamba huingizwa puani mwa mgonjwa, kisha kijiti huwekwa kwenye mrija, na mrija kwenye sanduku la barafu. Ni kazi ya dakika moja, lakini mama mmoja alitusimamisha mlangoni kwake kwa karibu saa nzima. Mama huyo ni Gumato, na leo yuko nasi, safu ya pili. Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika binti yake Arbia, mwenye mimba ya miezi saba, baada ya wiki moja ya homa na kikohozi. Aliniambia hivi, na sijasahau hata neno:

"Walikuja wengine kabla yenu. Walichukua, wakaandika, wakaenda. Nyinyi mnakuja na gari na mnaondoka na gari. Sisi tunabaki na kikohozi. Majibu yetu yako wapi?"

Nikamwahidi majibu ndani ya mwezi mmoja. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, na ahadi ilinitoka kwa urahisi sana. Akakubali, na majirani wakamfuata. Tukarudi maabara hapa Garissa na mirija mia moja na kumi na miwili, tukaiweka kwenye friza kubwa.

Wiki hiyo fundi wa umeme alikuja kukagua jenereta. Nikaizima swichi inayoifanya jenereta ijiwashe yenyewe umeme ukikatika, ili fundi asiumie, kisha nikasahau kuirudisha. Ikaja Idd. Siku ya Idd umeme ukakatika kwa saa kumi na nne, na jenereta haikuwaka, kwa sababu mimi niliiacha imezimwa.

Niliporudi kazini friza ilikuwa imeshapoa tena. Mirija ilikuwa imeganda, imepangwa vizuri, hakuna dalili ya chochote. Ni karatasi ya joto tu, ile ambayo friza huchora juu yake joto la kila saa, iliyoonyesha kwamba vyote vilivyokuwamo viliyeyuka. Niliitoa karatasi ile, nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa koti langu. Waheshimiwa, nasema haya mbele ya mama yangu mzazi, ambaye anayasikia kwa mara ya kwanza.

Adeer Ogle aliingia, akatazama mahali pa karatasi, akaona hapana kitu. Hakupandisha sauti. Akavuta kiti.

"Shamso, iko wapi?"

Nikampa. Akaisoma mpaka mwisho.

"Virusi vikifa, vitaota?"

"Haviwezi, Adeer."

"Basi ukinyamaza, ripoti yako itasema tulipima watu mia moja na kumi na wawili Eldas, hatukukuta mafua. Mtu mkubwa ataisoma ofisini kwake na kuandika kwamba Eldas haihitaji chanjo. Hatakuwa amekosea. Wewe ndiye utakuwa umemdanganya. Na yule mama aliyezika binti yake utamwambia nini?"

Nilijibu kwamba nitafukuzwa kazi. Akasema, "Huenda. Lakini hutaenda Eldas peke yako."

Niliandika ripoti siku ileile, nikaitia sahihi. Wafadhili walisimamisha mradi kwa miezi minne. Mimi nikakatazwa kugusa sampuli, nikawa naosha vyombo na kuandika joto la friza asubuhi, mchana na jioni. Baadhi ya wenzangu waliacha kunisalimia. Nawaelewa, kwa sababu kazi yao pia ilikuwa kwenye friza ile.

Kabla ya mwezi niliouahidi kwisha, tulikwenda Eldas. Mvua ilikuwa imenyesha, gari likakwama mara mbili, na Adeer Ogle, mtu wa miaka hamsini na zaidi, akashuka kusukuma katika matope. Tulipofika, Mama Gumato alitupokea mlangoni. Adeer Ogle akasema kwa niaba yetu sote wawili:

"Mama, sampuli zenu zimeharibika mikononi mwetu. Kosa ni la maabara. Majibu hatuna, na leo hatukuja kuomba kitu. Tumekuja kuwaambia."

Nikasema, "Kosa ni langu mimi, si la maabara." Nikaeleza habari ya swichi.

Mama Gumato aliwageukia majirani. Kisha akasema, "Tangu nizaliwe, hawa ndio wa kwanza kurudi mikono mitupu." Akatuletea maziwa. Tulipokuwa tunaaga akaniita kando. "Mjukuu wangu Hinda anakohoa tangu juzi. Sanduku lenu lina barafu?"

Lilikuwa nayo. Adeer Ogle ndiye aliyechukua sampuli ile, kwa kuwa mimi bado nilikuwa nimekatazwa. Siku ya tatu tukapiga simu: ni mafua makali, na mtoto akianza kuhema kwa shida msingoje, mpelekeni hospitali. Usiku wa siku hiyo alianza kuhema kwa shida, nao hawakungoja. Hinda sasa yuko darasa la tatu.

Mradi uliporudishwa, watu wa Eldas walijitokeza kuliko mara ya kwanza. Kotile nao wakaitika. Vya kwanza kuota katika mayai yetu vilikuwa virusi tisa tu. Mwaka huo havikuchaguliwa kwa chanjo, wala mwaka uliofuata. Lakini vilihesabiwa. Vilithibitisha kwamba mafua makali yapo huku, kwamba yanawaumiza zaidi wajawazito na wachanga, na kwamba chanjo inayotolewa kwingine ingewafaa. Tumeandika, tumebishana, tumeandika tena, kwa miaka sita.

Adeer, unastaafu leo. Ulinifundisha kupima, na ulinifundisha kwamba jibu la uongo kutoka maabara linaweza kuua mtu ambaye hujawahi kumwona. Nyinyi vijana wa maabara, mtakosea. Mkikosea, tafuteni mtu wa kumwambia kabla jua halijazama, na mkiambiwa nyinyi, vuteni kiti.

Mheshimiwa Waziri, barua yako imetufikia juzi, na nimepata idhini ya kuitangaza hapa. Jumamosi hii wajawazito wa Eldas wataanza kuchanjwa dhidi ya mafua makali, na wiki itakayofuata ni zamu ya Kotile. Nilimpigia Mama Gumato nimpe habari, nikamwomba atusaidie kuwahamasisha akina mama. Akanijibu kwamba amekwisha kupita nyumba kwa nyumba. Ana majina thelathini na moja, na anataka kujua tutafika saa ngapi.

Mama Gumato, tutafika saa mbili asubuhi.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Wabillahi tawfiq.