Karatasi Niliyobandika Mlangoni mwa Babu Yenu

Sogezeni viti, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na hili ninalotaka kusema sitaweza kulirudia. Habari ya nyumba ni fupi: ni yenu nyote watatu, hati anayo wakili, na asiwepo wa kumtoa mwenzake. Zimeni hiyo redio. Kinachonikaa kooni ni shangazi yenu aliyeko chumba cha uani, na maneno niliyomsikia kaka yenu mkubwa akiyasema jana: kwamba nikishaondoka atamchukua kwake ghorofani, ale, alale, asiguse hata kikombe. Nyote mkamsifu. Mimi nikageukia ukutani, kwa sababu maneno hayo niliyasema mimi, humu humu, juu ya babu yenu, na nikasifiwa vivyo hivyo.

Babu yenu alikuwa fundi cherehani. Ninyi mnamkumbuka kitandani tu, na kosa hilo ni langu. Daktari aliposema moyo wake umechoka, apumzike, mimi niliyekuwa karani wa mapokezi hospitalini kwa miaka thelathini na mmoja nilijiona nusu daktari. Nikaitoa cherehani dirishani nikaifungia stoo, eti vumbi la vitambaa. Wazee wenzake, waliokuja na suruali ya kukunjwa pindo wakakaa kupiga soga mpaka adhuhuri, nikawarudishia getini, eti wanamchosha. Kisha nikabandika karatasi mlangoni mwake: presha ya asubuhi, uji, dawa, choo, presha ya jioni. Na juu, mahali pa jina, mimi ambaye kazini sikukosea jina la mtu hata herufi moja, nikaandika "Mgonjwa".

Babu yenu alijua kusoma. Kila nilipoingia aliniuliza, "Karani, mgonjwa wako ameamkaje leo?" Nilicheka, nikajaza karatasi.

Siku moja nilimkuta ameushika ukingo wa shuka, anaukunja pindo kidogo kidogo, bila sindano wala uzi, vidole vinakwenda sawasawa kama vya kijana. Mnajua nilifanya nini? Niliandika: mikono inatetemeka. Nikamwombea dawa. Alipoinywa mikono ikatulia kweli, na mdomo nao ukatulia.

Nipeni maji... Basi, yatosha.

Alikufa presha yake ni nzuri kuliko yangu. Msibani niliwasomea watu ile karatasi, nikijisifu nilivyomtunza. Shangazi yenu akaniambia mbele ya wote, "Mwili umeutunza, mdogo wangu. Baba ulimweka wapi?" Nikamjibu kwamba hajasoma, anyamaze. Miaka kumi na tisa tunakaa ua mmoja, tunasalimiana kama wapangaji, na sijamwomba radhi. Ninaona haya kuwaambia ninyi. Yeye nimemwonea haya zaidi.

Sasa shikeni ninalosema. Shangazi yenu ana sukari, na magoti yake si ya kupanda ngazi. Dawa apewe, kliniki apelekwe, hayo sisemi myapuuze. Lakini asihamishwe kabla ya kuulizwa, na akisema hapana, iwe hapana. Benchi lake la getini lisiondolewe. Bustani yake aimwagilie mwenyewe, hata ikimchukua asubuhi nzima. Mwacheni agombane na yule fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Wanatukanana kwa kupendana, na siku asipomtukana ndipo mumwite daktari. Mkija kumwona, msianze na sukari. Muulizeni nani kamchekesha, kisha mkae mpaka amalize kusimulia, hata kama hadithi hiyo mmeshaisikia.

Na wewe, mwanangu mkubwa, usiinamishe kichwa. Una moyo mwema. Mimi pia nilikuwa nao.

Mungu awape uzee wenye kazi ya mikono... na watu wa kubishana nao. Awalinde... msipendwe kama nilivyompenda baba yangu.

Pumzi inaniishia. Nendeni uani... mmoja wenu. Mwambieni shangazi yenu mdogo wake anaomba kumwona, ana neno lake... amelichelewesha. Akija, tokeni nyote. Akikataa... msimlazimishe. Nibebeni... mnipeleke mimi.