Fundi Oluoch, Aliyetaka Kufika Kawangware kwa Miguu

Watu wanaomiminika Soko la Toi kila asubuhi, wamejaa barabara nzima, wengine wakiimba, nani huwapa kibali? Baba yetu aliuliza swali hilo mwaka 2019, katika kikao cha wananchi kuhusu vibali vya hafla za hadharani, akiwa amesimama na kofia mkononi, na afisa aliyeongoza kikao akasema swali limepokelewa, kisha akaita msemaji mwingine.

Mchungaji, wazee wa Kibera, watu wetu wa Kawangware, majirani wa Nyayo Highrise, mimi ni Audrey, kitinda mimba wake, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa Mama ameniambia nisome tu, nisianze mdahalo.

Kenneth Oluoch Omolo alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, Ugenya, Siaya, akasoma shule ya msingi huko huko hadi darasa la saba mwaka 1981, akafundishwa ushonaji na mjomba wake, na mwezi wa Januari 1985 akaja Nairobi, akapanga chumba Kibera, akapata nafasi ya cherehani Toi. Alianza kwa kupunguza suruali za mitumba, kisha akahamia mahema, na mahema mengi ya harusi, ya matanga na ya mikutano ya injili ambayo mmeketi chini yake yalitoka mikononi mwake, hili la leo likiwemo. Hivyo hafla za mji huu alizijua kwa upande wa hema, kwamba kibali kikikataliwa, hema hurudi limekunjwa vilevile, na mwenye hafla huzima simu.

Katika kanisa letu, ambalo wengi wenu mnalijua kwa kanzu nyeupe na bendera, alikuwa mpiga ngoma tangu mwaka 1987.

Mwaka 1993 alikutana na mama yetu, Njambi, binti wa Mzee Naftaly Mbuthia wa Kawangware, mwenye ploti, ambaye hakupenda bintiye aolewe na mpangaji, tena Mjaluo, akauliza mbele ya watu, na wajomba zangu mko hapa mnajua sisemi uongo, kwamba huyu asiye na hata kiploti atakuja kumchukua msichana na nini, na ngoma? Baba akajibu kwamba ndiyo, atakuja na ngoma, na watu wake wote kwa miguu, kutoka Kibera hadi mlangoni kwa mzee.

Harusi ikapangwa tarehe 10 Disemba 1994, na Baba akaandika barua ya kuomba ruhusa kwa lugha aliyoizoea kanisani, ambako tukitoka nje na bendera tunaita maandamano, basi akaandika maandamano ya harusi. Kituoni kwa polisi waliisoma barua hadi hapo kwenye maandamano, harusi hawakuifikia. Alikataliwa, Mama akaletwa kwa gari la kaka yake Muchiri, na Mzee Naftaly akafa mwaka 2003 bila kuwaona watu wa Kibera wakiingia kwake kwa miguu.

Kila Disemba Baba aliomba tena, na kila ofisi ikamtuma kwa nyingine, kwa kuwa katika mji huu uwanja una mwenyewe, sauti ina mwenyewe, barabara ina mwenyewe, na watu, ambao hawana mwenyewe, ni wa polisi. Karani mmoja, kijana mzuri tu, alimwambia, mzee wangu, badilisha hilo neno moja nikugongee muhuri saa hii. Baba akamuuliza, bendera mbele, ngoma katikati, watu nyuma, kwenu hiyo mnaiitaje? Akarudi nyumbani bila muhuri, ameridhika kabisa, na Mama akamwita kichwa kigumu kwa Kikuyu, kisha kwa Kijaluo ili asije akasema hakuelewa. Baada ya Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kuipinga serikali, neno lenyewe likawa kaa la moto, hakuna karani aliyetaka hata kuligusa.

Walijaliwa watoto watatu, Adero mwaka 1996, Austin mwaka 1999, na mimi mwaka 2003.

Mwezi wa Agosti 2025 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu, na ilipofika Oktoba miguu yake haikuweza kumfikisha hata mlangoni, lakini alimwomba Mama kwamba kabla ya kupelekwa Ugenya apitishwe kwa Mzee Naftaly, watu wakitembea. Alituacha tarehe 6 Novemba 2025, hospitalini, Mama akiwa amemshika mkono.

Wiki hii Mama alikwenda ofisini mwenyewe, na kwa kuwa anachotaka ni mumewe apite, si kushinda hoja, aliandika msafara. Muhuri ukagongwa siku hiyo hiyo. Jana tumekisoma kibali vizuri, kinaruhusu msafara wa magari, na mtu wa miguu hakutajwa popote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotupikia na kulala nasi, na mafundi wa Toi mliofunga vibanda kuja kumsindikiza. Pumzika, Baba, kwa upande wako kuomba ruhusa kumekwisha.

Gari lililombeba litaondoka baada ya sala, na dereva amekubali kwenda polepole. Wenye magari, tunawaomba muyaache hapa.